Watu Nao Wahesabiwe: Maandalizi ya Dharura katika Ghala la Chama

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapana usemi unaorudiwa zaidi ya huo katika vyama vya ushirika. Ndani ya ghala la chama cha msingi kila gunia lina mahali pake kitabuni. Likitoka moja bila hati, jambo hilo litafichuka siku ya ukaguzi, hata kama miezi sita imepita. Lakini siku ya ununuzi wa pamba, saa nne za asubuhi, wachukuzi wamo ndani wakipanga mzigo, lori limerudi kinyumenyume hadi mlangoni, na wakulima wamepanga foleni kutoka kwenye mizani hadi chini ya mwembe. Katibu aulizwe saa hiyo: ndani ya ghala wamo watu wangapi? Ni wachache watakaoweza kujibu. Gunia lina daftari, mtu hana.

Upungufu huo hauonekani siku za kawaida. Huonekana siku ya dharura, nayo dharura huja kwa sura nyingi: moto, hewa ya sumu, ukuta uliolegea kwa mvua, au rundo la magunia lililoporomoka. Vyama vingi hudhani kwamba kujiandaa ni kununua mitungi ya kuzimia moto na kuitundika ukutani. Mitungi ni ya lazima, lakini haitoshi. Kinachowaokoa watu aghalabu ni mambo matatu yaliyoamuliwa mapema: mlango unaofunguka, hesabu ya watu, na ruhusa ya kuacha mali.

HATARI ILIYOMO GHALANI

Pamba huwaka kwa namna mbili, na zote mbili ni za hila. Pamba iliyomwagwa huru hushika moto juu juu, na moto ukatambaa juu ya rundo zima kwa muda mfupi sana. Pamba iliyofungwa marobota huweza kubeba cheche ndani kwa saa nyingi, hata kwa siku kadhaa, bila ya ndimi za moto kuonekana. Kwa hiyo robota lililozimwa kwa nje lisirudishwe ghalani. Litolewe nje, liwekwe mbali na majengo, na kulindwa.

Cheche zenyewe hutoka katika mambo madogo: sigara ya mchukuzi, waya wa umeme uliochunika, taa ya mafuta ya mlinzi, au bomba la moshi la lori lililosogezwa karibu mno na mzigo. Moto ukishaanza, moshi huua upesi kuliko ndimi zenyewe. Ndani ya moshi imo hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajatambua kwamba yumo hatarini. Ndiyo sababu mtu aliye ndani ya moshi hufundishwa kuinama au kutambaa, kwa kuwa hewa iliyo karibu na sakafu huwa na nafuu.

Ghala la nafaka lina hatari nyingine. Vidonge vya kufukizia wadudu, vile vya fosfidi ya alumini, vikipata unyevu hutoa hewa ya fosfini, ambayo huua binadamu kama inavyoua dumuzi. Ghala lililofukizwa hufungwa, huwekewa tangazo mlangoni, na haliingiwi mpaka lipitishe hewa kwa muda ulioagizwa. Mlinzi asilale ndani yake, wala katika chumba kinachopakana nalo. Vidonge hivyo visimwagiwe maji kamwe, kwani maji huharakisha hewa hiyo, nayo huweza kuwaka yenyewe.

KUFULI LILILOWEKWA KWA AJILI YA MWIZI

Tarehe 25 Machi 1911, katika mji wa New York nchini Marekani, moto ulizuka katika kiwanda cha kushona nguo cha Triangle. Ulianza ghorofa ya 8, katika vipande vya nguo vilivyolundikwa chini ya meza za wakataji. Waliokuwa ghorofa ya 10, zilikokuwa ofisi za wenye kiwanda, walipata habari kwa simu. Waliokuwa ghorofa ya 9 hawakuambiwa kitu mpaka moto ulipowafikia. Huko mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee upande mmoja tu na kupekuliwa mikoba, wasije wakaiba nguo. Msimamizi mwenye ufunguo alikuwa amekwisha kutoka kwa njia nyingine. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu yake. Mwezi Machi 2001, katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, wavulana 67 walikufa katika moto uliowashwa kwa makusudi. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Kiwanda si bweni, na bweni si ghala la pamba. Hata hivyo kosa ni la aina moja. Mtu aliyefunga mlango alimfikiria mwizi au mtoro, na pengine alikuwa na haki ya kumfikiria. Hakumfikiria aliyebaki ndani. Ghala la chama limejengwa kwa fikira hiyo hiyo. Lina nondo madirishani, mlango mmoja mkubwa wa mbele, na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kufuli zito, ambao kwa miaka mingi umezibwa na magunia.

MLANGO NA UFUNGUO

Jambo la kwanza, basi, ni kuutazama mlango wa nyuma. Magunia yaondolewe, na njia yenye upana wa mita 1 iachwe wazi kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na kando ya kuta. Nafasi hiyo humsaidia pia mtunza ghala kukagua mzigo na kuona panya na uvujaji, kwa hiyo chama hakipotezi kitu. Mlango ufunguke kwa kusukumwa nje, kwa maana watu wanaokimbia husukumana, na mlango unaovutwa ndani hauwezi kufunguka wakiwa wameuegemea.

Usiku, ghala likiwa tupu, kufuli lifungwe kama kawaida. Mchana, maadamu mtu yeyote yumo ndani, kufuli liondolewe na kutundikwa ofisini, na mlango ushikiliwe kwa komeo la ndani ambalo hata mtoto anaweza kulivuta. Mwizi wa nje hataweza kulifungua. Mtu wa ndani ataweza. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza kupimwa, mtunza ghala aufungue mlango huo kwa mkono wake na kutia sahihi kwamba umefunguka.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inamtaka mwajiri awalinde watu walio kazini, pamoja na kuwakinga na moto. Chama chenye karani mmoja na mlinzi mmoja ni mwajiri pia.

UBAO WA MISUMARI

Jambo la pili ni hesabu. Wafanyakazi wa kudumu wanajulikana kwa majina, lakini wachukuzi wa kutwa na wanachama waliofuata mzigo wao ndani hawamo katika orodha yoyote. Kwa hao ipo njia rahisi, inayofanana na ile iliyotumika migodini tangu zamani.

Ubao mwepesi upigiliwe misumari, tuseme 20, na kila msumari utundikwe kibao chenye namba. Ubao ukae nje, karibu na mizani. Anayeingia ghalani huchukua kibao na kukivaa shingoni, anayetoka hukirudisha. Vibao vikiisha, hapana mwingine anayeingia, na hivyo msongamano huzuiwa pasipo ugomvi. Ikitokea dharura, karani wa mizani huubeba ubao hadi mahali pa kukusanyikia, na kila aliyetoka hurudisha kibao chake. Msumari uliobaki mtupu una maana moja tu: yumo mtu ndani.

Habari hiyo apewe mara moja anayeongoza uokoaji. Watu wauzunguke ukuta, wamwite, na kuufungua mlango ulio karibu naye kwa nje. Asiruhusiwe mtu kuingia katika moshi mzito kwa ushujaa mtupu, kwani mara nyingi msumari mmoja mtupu hugeuka kuwa miwili.

ISHARA NA MGAWANYO WA KAZI

Kelele za watu wengi si ishara. Kipande cha reli au rimu ya gari iliyotundikwa mtini yatosha, ili mradi mpigo wa hatari uwe tofauti na ule wa kuitia mkutano, na kila mwanachama aufahamu. Mahali pa kukusanyikia pawe mbali na ghala, upande usiopitwa na magari, na pawe na alama inayojulikana, kama vile mti au nguzo ya bendera.

Kazi zigawanywe kwa majina, wala si kwa kusema kwamba kila mtu atasaidia. Mmoja hupiga ishara. Mmoja hufungua mlango wa nyuma. Mmoja huubeba ubao. Mmoja hukata umeme, naye ajue swichi kuu iko wapi hata gizani. Mmoja hupiga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, na kueleza kijiji, njia na kinachoungua. Kila jina liwe na msaidizi wake, kwa kuwa hatari haingoji mtu arudi kutoka mjini.

Vyama vingi viko mbali na kituo cha zimamoto, kwa hiyo dakika za kwanza ni za chama chenyewe. Moto mdogo wa magunia, karatasi au pamba huzimwa kwa maji. Moto wa mafuta hufunikwa kwa mchanga au hupuliziwa unga wa mtungi, maji huutawanya. Moto wa umeme usiguswe kwa maji kabla umeme haujakatwa. Ghala la madawa ya kilimo likiwaka, watu wahamishwe upande upepo unakotoka, kwa maana moshi wake ni sumu. Na moto wowote uliozidi uwezo wa mtungi mmoja au miwili si wa kushindana nao tena. Ni wa kuukimbia.

RUHUSA YA KUACHA MALI

Jambo la tatu halinunuliwi dukani, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtunza ghala hujua kwamba upungufu wa mzigo humwangukia yeye. Karani wa ununuzi hujua kwamba fedha zikipungua sandukuni ataitwa mbele ya kamati, na pengine mbele ya polisi. Mtu aliyezoeshwa hofu hiyo mwaka mzima hawezi kuiacha kwa sekunde moja anapoona moshi. Atalirudia sanduku. Atarudi kuchukua vitabu vya mizani. Atakifunga chumba cha fedha kwanza, huku wengine wakihangaika gizani.

Hofu hiyo ni kamati iliyoijenga, na ni kamati inayoweza kuiondoa. Yafaa azimio liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, nalo laweza kuwa fupi: “Mtumishi yeyote wa chama atakayeacha mali, fedha au vitabu ili kujiokoa au kuokoa mtu wakati wa dharura, hatadaiwa upotevu uliotokana na kuacha huko.” Azimio hilo lisomwe mbele ya watumishi na wanachama wote, na nakala ibandikwe ofisini.

Wapo watakaosema kwamba azimio la namna hiyo litafungua mlango wa wizi, na kwamba karani mwovu ataunguza ghala ili kuficha upungufu. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, lakini ina jibu. Mwovu wa namna hiyo huchunguzwa na kushtakiwa kwa kuchoma ghala, azimio halimkingi. Linalomkinga ni karani mwaminifu, ambaye bila azimio angekufa akilinda sanduku. Mali nayo ina ulinzi wake: bima iliyolipiwa kwa wakati, nakala za vitabu zinazowekwa katika jengo jingine, na fedha zinazopelekwa benki pasipo kulala chamani. Chama kilichofanya hayo hakina sababu ya kumtegemea mtu alinde mali kwa pumzi yake.

MAZOEZI

Mpango ambao haujajaribiwa ni karatasi tu. Kabla ya kila msimu, na tena katika juma la kwanza la ununuzi wakati watu ni wengi, ishara ipigwe na ghala liachwe tupu. Katibu atazame saa, ahesabu vibao, na kuandika katika kumbukumbu muda uliotumika na kasoro zilizoonekana: komeo lililoshika kutu, mzee aliyeshindwa kupita kati ya magunia, mchukuzi mgeni asiyejua mwembe ni upi. Mazoezi ya kwanza huwa na vicheko. Hilo si neno, wanaocheka watakumbuka.

Gharama ya haya yote ni ndogo: mbao, misumari, komeo, kipande cha chuma, na nusu saa ya mkutano wa kamati. Mkaguzi anapofika chamani hufungua daftari la ghala na kuhesabu magunia. Chama kilicho tayari kitaweza kumwonyesha pia ubao ulio karibu na mizani, na kumwambia, bila kwenda kuuliza, ni watu wangapi wamo ndani.