Kwa Nini Uvimbe wa Ubongo Hurudi Baada ya Upasuaji

Familia nyingi huuliza: ikiwa daktari aliutoa uvimbe, mbona umerudi? Kwa glioblastoma, mojawapo ya saratani kali zaidi za ubongo, sehemu ya jibu ni seli shina za saratani.

Seli za uvimbe hazilingani. Chache kati yake, yaani seli shina, huweza kujizalisha na kuzaa zile nyingine, kama mizizi ya magugu inayobaki ardhini baada ya kufyeka. Mwaka 2004, watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha kuwa seli 100 zenye alama ya protini CD133 ziliweza kuanzisha uvimbe katika ubongo wa panya. Seli 100,000 zisizo na alama hiyo zilishindwa.

Saratani hii pia hupenya katika sehemu nzima za ubongo, hivyo daktari hawezi kuitoa yote. Seli shina nazo hustahimili mionzi kuliko nyingine. Ndiyo sababu upasuaji hufuatwa na mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi. Matibabu haya huongeza muda wa kuishi, ingawa ni nadra kumaliza ugonjwa. Mgonjwa asiache kliniki hata akipata nafuu.

Wakazi wanahimizwa kufika kituo cha afya mapema wakiona dalili hizi:

- Maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi, pamoja na kutapika
- Kifafa kinachomwanza mtu akiwa mtu mzima
- Udhaifu wa upande mmoja wa mwili
- Mabadiliko ya kuona au kuzungumza

Dalili hizi huweza kuletwa na maradhi mengine, lakini zisipuuzwe.