UPEPO UGEUKAPO: ELIMU YA MOTO WA NYIKA KUTOKA AUSTRALIA

Mwaka 1939 moto uliwaua watu 71 katika jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia. Kutokana na uchunguzi wa Jaji Leonard Stretton juu ya moto huo, na juu ya mioto mingine ya mwaka 1944, iliundwa mamlaka moja ya zimamoto vijijini mwaka 1945. Wazimamoto wake walio wengi hawalipwi mshahara. Ni wakulima, walimu na mafundi wanaojitolea. Katika muundo huo vyama vya msingi vitatambua tatizo lao wenyewe, yaani namna ya kuifikisha elimu kutoka makao makuu hadi kwa mtu aliye shambani.

Elimu yenyewe ilipatikana kwa kuchoma na kupima. Mtaalamu wa misitu Alan McArthur aliwasha mioto ya majaribio na kuandika mwendo wake. Alibaini kwamba moto upandao mteremko wa nyuzi 10 huenda kwa kasi ipatayo maradufu ya ule wa tambarare. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Aliyaweka katika kipimo cha duara cha kuzungusha kwa mkono. Ofisa akishajua joto, unyevu wa hewa, upepo na ukavu wa nchi, husoma kiwango cha hatari pasipo hesabu ndefu. Taarifa ya kurasa mia isingeifanya kazi hiyo.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi hujificha. Siku mbaya huko, upepo mkavu wa kaskazini husukuma moto kama mkuki: kichwa chembamba, mbavu ndefu. Wazimamoto hufanya kazi ubavuni, ambako miali ni mifupi. Kisha upepo hugeuka ghafla, ukatoka kusini-magharibi. Papo hapo ubavu wa mashariki, pengine wa kilomita nyingi, huwa kichwa, na aliyedhani yu salama yumo mbele ya moto. Ndivyo walivyofariki wazimamoto 12 huko Upper Beaconsfield tarehe 16 Februari 1983, na 5 huko Linton tarehe 2 Desemba 1998.

Mtafiti Phil Cheney na wenzake waliiita ardhi hiyo isiyoungua kando ya moto "eneo la mfu". Baada ya Linton, mafunzo ya msingi yalifanywa sharti kwa kila anayejitolea. Hufundishwa kushikamana na ardhi iliyokwisha kuungua. Kutoliacha gari liishiwe maji hata moto uonekanapo kushindwa. Na kuhakikisha kwamba habari za mgeuko wa upepo zinafika kwa kila kikosi, si kwa mkuu peke yake. Hilo la mwisho ndilo gumu. Tarehe 7 Februari 2009 watu 173 walikufa katika jimbo hilohilo. Mgeuko wa upepo ulikuwa umetabiriwa, lakini tume ya uchunguzi ilikuta kwamba maonyo kwa wananchi yalichelewa.

Mwanachama asafishaye shamba kwa moto hana gari wala redio, lakini ubavu wa moto wake hugeuka kichwa kwa namna ileile. Wanaomsaidia na wasimame upande uliokwisha kuungua.