Fahamu: Wingi wa virusi mwilini na ukali wa ugonjwa

Wingi wa virusi ni kiasi cha virusi kilichomo katika damu au ute wa mgonjwa. Kwa kipimo cha PCR, mashine ikivigundua baada ya mizunguko michache ya kunakili vinasaba vyake, basi ni vingi.

Kwa nini Cheptais ijali

Mji huu uko kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia, lilihusishwa na wagonjwa wa homa ya virusi vya Marburg mwaka 1980 na 1987. Oktoba 2017 ugonjwa huo ulitangazwa Kween, upande wa Uganda wa mlima huohuo. Wagonjwa wote 3 walifariki.

Ebola ilifunza nini

Marburg na Ebola ni virusi vya ukoo mmoja. Katika mlipuko wa Ebola wa Gulu, Uganda, mwaka 2000, waliofariki walikuwa na virusi takriban mara 100 zaidi ya walionusurika. Mashariki mwa Kongo, mwaka 2018 na 2019, dawa mbili za kingamwili zilikuwa miongoni mwa zilizojaribiwa. Wenye virusi vichache walifariki takriban 1 kati ya 10. Wenye virusi vingi, zaidi ya 6 kati ya 10, kwa dawa zilezile. Virusi huweza kuongezeka mgonjwa anapokawia kutibiwa, ndiyo maana siku moja ya kungoja homa ipoe nyumbani ni ghali mno.

Je, ni hivyo kwa kila ugonjwa?

Hapana. Kwa Korona, hata wasio na dalili walikutwa na virusi vingi. Umri na maradhi mengine vilichangia sana ukali wake.