Hesabuni Meno ya Watoto Kabla ya Kukimbilia Koleo



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa sana, hasa na akina mama wa viwandani, juu ya watoto wenye meno mawili yaliyoshikana, au jino lililozidi. Wengine wameambiwa ni mkosi. Si mkosi, wala si kosa la mama. Meno huanza kuumbika mtoto akiwa tumboni. Vichipukizi viwili vikikaribiana mno huungana, na pengine huchipuka kimoja cha ziada.

Mfungueni mtoto kinywa, mhesabu. Kila taya lina meno manne ya mbele katikati ya chonge mbili. Lile pana mkilihesabu kuwa moja mkapata matatu, basi mawili yameungana. Mkipata manne, huenda jino moja lilianza kugawanyika likaishia njiani. Jino la utotoni la namna hii kwa kawaida haling'olewi, huachwa lianguke lenyewe. Shida ni ule mfereji wa katikati: chakula hukaa humo, jino likaoza. Lipigwe mswaki vizuri, na daktari wa meno anaweza kuuziba mfereji. Picha ya eksirei nayo inafaa, maana mara nyingine jino moja la ukubwani chini yake halipo kabisa.

Jino la ziada ndilo lenye hila. Mara nyingi hukaa taya la juu, karibu na meno mawili ya katikati, dogo kama kigingi, na laweza kujificha mfupani likalizuia jino la ukubwani. Mtoto wa miaka 7 au 8 akiota jino moja la mbele, na la pili yake halijaonekana miezi 6 baadaye, msingoje. Kizuizi kikitolewa mapema, kwa ganzi, mara nyingi jino hushuka lenyewe. Mkichelewa, huenda likavutwa kwa waya, kazi ya miezi mingi.

Hapa Uganda wako wanaochimba fizi za watoto wachanga kwa spoki ya baiskeli, wakidai wanatoa "ebinyo". Wanachotoa ni vichipukizi vya chonge, na watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa vidonda kuoza. Huko msipeleke mtoto.

Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara wa siku kwa kumpeleka mwanawe kupigwa picha. Tawi lilipinga, akarudishiwa. Basi ombeni ruhusa mapema, mchukue karatasi ya hospitali yenye tarehe, na nakala mpeni katibu wa tawi.