Saa Inayohesabu Hatua, na Jinsi ya Kuisoma

Ukipita Milimani, hapa Nakuru, asubuhi na mapema, utawaona mabwana na mabibi wakitembea upesi kando ya barabara huku wakitazama saa zao za mkono. Wengi wana mashamba Njoro, Bahati au Molo, na saa hizo wameletewa na watoto wao. Si za kutazamia wakati tu. Huhesabu hatua, na jioni huonyesha mwili umefanya kazi nyepesi, ya wastani au ya nguvu kwa dakika ngapi. Lakini, msomaji, usipojua hesabu hiyo inavyopatikana, yaweza kukudanganya.

Ndani ya saa mna chombo kidogo sana kinachopima mtikisiko. Mkono ukienda mbele na nyuma, huandika; ukitikisika kwa nguvu zaidi, huandika namba kubwa zaidi. Saa nyingi pia zina taa ya kijani chini yake, inayomulika ngozi ili kuhesabu mapigo ya moyo. Chombo cha mtikisiko hakijui uzito wa mzigo.

Tuseme mama mmoja anapanda mteremko wa Menengai na mtungi wa maji wa lita 20 mgongoni. Anakwenda polepole, mikono imeshika kamba ya mzigo. Jasho linamtoka, lakini saa inayopima mtikisiko peke yake huenda ikaandika kazi nyepesi. Mumewe amekaa kitako juu ya bodaboda katika njia ya mashimo, na saa yake yaweza kumwandikia hatua ambazo hakuzitembea. Jioni wakilinganisha, bwana atajisifu! Kadhalika mwenye kusukuma toroli la samadi: mikono yake imetulia, na saa itamdhulumu.

Wataalamu hupima kazi kwa kuilinganisha na kukaa kimya. Kukaa ni 1. Kazi ya kati ya 3 na 6, kama kutembea kwa haraka, ni ya wastani. Kuanzia 6 kwenda juu, kama kukimbia, ni ya nguvu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani, au 75 hadi 150 za kazi ya nguvu. Halikutaja hatua 10,000. Namba hiyo ilienezwa Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipouza kifaa kiitwacho Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa.

Kwa hiyo tazama dakika kwanza, hatua baadaye. Na ukitaka kujua kama saa yasema kweli, jaribu kuzungumza ukiwa kazini. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hiyo ni kazi ya wastani. Ukitoa maneno machache tu kisha ukatafuta pumzi, ni ya nguvu, hata kama saa imeandika vingine. Kipimo hiki chamfaa pia mwenye jembe asiye na saa.

Jambo hili si mchezo kwa mtu aliyeacha jembe na sasa huenda shambani kwa gari. Mwaka 2012 watafiti, Robert Ojiambo akiwa mmoja wao, walitoa habari za vijana wa Kenya waliovalishwa vyombo vya namna hii. Wale wa mashambani walikuwa na mwendo mwingi zaidi wa wastani na wa nguvu, na mafuta machache mwilini, kuliko wenzao wa mjini.

Wazee wajihadhari na jambo moja. Saa nyingi hukisia ukomo wa mapigo ya moyo kwa kutoa umri wako katika 220, hivyo mwenye miaka 60 hupewa 160. Ni makisio tu. Tena baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo, na saa itasema hujafanya kazi hali umechoka kweli. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama hapo hapo na uende hospitali, saa iseme itakavyo. Na kama wameza dawa hizo, mwulize daktari ni mapigo mangapi yanayokufaa, kisha mwambie mwanao aiweke namba hiyo katika saa.