Diski ikikufa, pointi zetu ziko wapi?

Ndugu wanafunzi na walimu, sisi wafinalisti tunawaeleza. Benki ya data ya pointi ikiwekwa katika mashini tatu, diski ya moja ikikufa, pointi hazipotei: zile mbili zinazo. Tunatia diski mpya. Lakini mashini hiyo isijibu mtu kwanza! Inakili yote kwa wenzake, hata yaliyoandikwa wakati ilikuwa haiko. Tusikawie: ya pili ikikufa, inabaki nakala moja tu. Na tukifuta pointi kwa makosa, zinafutika kote. Basi tuweke pia nakala ya jana pembeni. Tena isikae hapa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliunguza katikati ya Goma. Nakala moja ikae mbali.