NGUVU YA PARETO HUPIMWAJE?

Wakulima wengi wa pareto huuliza swali hili: "Mimi na jirani yangu tulipeleka maua siku moja, uzito mmoja. Mbona yeye alilipwa zaidi?" Wengine hudhani kwamba mizani ina hila. Ni vizuri kila mkulima ajue jambo hili, kwa sababu fedha zake zimo ndani yake.

Mnunuzi wa pareto hatafuti ua. Anatafuta dawa iliyomo ndani ya ua, ile inayoua mbu, nzi, viroboto na wadudu wa ghalani. Dawa hiyo huitwa pairethrini, nayo ni mchanganyiko wa vitu sita vya namna moja. Sehemu kubwa sana ya dawa imo katika vijimbegu vilivyo katikati ya ua. Majani na vijiti vina kidogo mno.

Katika maua makavu ya Kenya, dawa kwa kawaida ni kama sehemu 1 mpaka 2 katika kila sehemu 100. Basi fanya hesabu. Mkulima wa kwanza ana kilo 100 zenye asilimia 1.2, amepeleka kilo 1.2 za dawa. Wa pili ana kilo 100 zenye asilimia 1.8, amepeleka kilo 1.8. Uzito wa magunia ni sawa, lakini huyu wa pili amemzidi mwenzake kwa nusu nzima. Ndiyo sababu tangu zamani pareto hulipwa kwa kadiri ya dawa iliyomo, wala si kwa uzito peke yake.

Jinsi ya kupima

Kwanza huchukuliwa maua kidogo ya kupimwa. Hayo machache yatasema kwa niaba ya magunia yote, kwa hiyo hutolewa juu, katikati na chini ya gunia. Yakitolewa juu tu, jibu laweza kuwa la uongo: huenda likamwonea mkulima, au likamdanganya mnunuzi. Maua hayo huchanganywa vizuri, kisha husagwa yakawa unga.

Unga mwingine hupimwa uzito, hukaushwa katika joko, kisha hupimwa tena. Uzito uliopotea ni maji. Hapo hujulikana kama maua yalikauka sawasawa.

Unga mwingine hutiwa katika maji maji mepesi ya jamii ya petroli, ambayo huivuta dawa kutoka katika unga kama vile maji ya moto yavutavyo rangi ya majani ya chai. Kisha huchujwa. Zamani dawa iliyotoka ilipimwa kwa njia ya zebaki. Siku hizi maabara hutumia mashine yenye mrija mwembamba uliojazwa chembe ndogo ndogo. Kila kitu hupita humo kwa mwendo wake. Vingine hutangulia na vingine huchelewa. Mwisho wa mrija upo mwanga maalum unaoonyesha ni kiasi gani kinapita. Jibu hulinganishwa na dawa nyingine ambayo nguvu yake imekwisha julikana, kama vile karani wa mizani anavyotumia jiwe la kilo asiloweza kulitilia shaka. Njia ya namna hii hutumika kwa mimea mingi. Hata huko Uchina kunazi hupimwa hivyo ili kujua wema wake.

Mambo yaliyo mikononi mwako

Mashine haiongezi dawa wala haipunguzi. Inasema tu yale uliyoyafanya shambani. Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Panda miche bora. Pareto hupenda nchi ya juu yenye baridi, kama vile sehemu za Molo, Nyandarua na Kisii. Mahali pa joto mmea huota majani lakini hautoi maua mengi.

2. Chuma kwa wakati wake. Ua lililo tayari limefunguka, petali zake nyeupe zimelala sawa, na safu 3 au 4 za vijiua vya manjano vya katikati zimefunguka. Ua changa halijajaa dawa, na ua lililozeeka limeanza kuipoteza. Rudi shambani kila baada ya wiki 2 au 3.

3. Usichume vijiti. Ukiweka kilo 10 za vijiti katika gunia la kilo 100, maua yako ya asilimia 1.8 yatapimwa kama 1.6 tu. Umejipunguzia mwenyewe.

4. Usichume maua yenye umande au mvua, wala usiyashindilie katika gunia. Maua mabichi yakirundikwa hupata moto na kuoza. Tumia kikapu kinachopitisha hewa.

5. Kausha siku ile ile. Tandaza maua membamba juu ya kichanja, uyageuze mara kwa mara. Yasiunguzwe na moto mkali. Ua likisagika kati ya vidole vyako, limekauka. Liondoe juani, kwa maana jua jingi huharibu dawa.

6. Usiweke maua nyumbani muda mrefu. Kila mwezi unaopita dawa hupungua. Yaweke mahali pakavu penye giza, uyapeleke upesi.

Mwisho, unapopeleka maua, tazama yanavyotolewa ya kupimwa, ukaombe kuandikiwa uzito, maji na asilimia ya dawa. Weka karatasi hizo zote. Asilimia ikishuka mwezi huu, kumbuka ulivyochuma na kukausha, nawe utaona kosa liko wapi. Na kama huoni kosa lolote, karatasi zako zitakusaidia kuuliza kwa haki, bila ugomvi.

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.